Chupa ya Viluwiluwi

Juzi pale Maili Moja kijana muuza dawa za asili alinifungulia kichupa akanisogezea puani kabla sijamruhusu. "Nusa mwenyewe, dada. Mwarobaini mtupu, hamna kemikali. Mwagia kwenye dimbwi, mwagia kwenye karo, mbu hata wa dawa hutamwona." Nikanusa. Harufu ile chungu, ya kitu kibichi kilichopondwa kikalala majini, ilinipanda mpaka utosini, mate yakanijaa mdomoni. Kijana alipoona mimi si mteja akamgeukia mdogo wangu Salama, aliyekuwa pembeni ameshika mfuko wa nyanya. Akamweleza yote upya, haraka haraka, na Salama akawa anamwangalia midomo bila kupepesa. Kisha Salama akachukua kichupa, akakinusa, akakunja uso na kucheka. Nikakinunua ili tuondoke.

Sasa kipo dirishani jikoni kwangu, hapa mtaani Picha ya Ndege, na kila nikiosha vyombo nakiona. Sijakifungua. Watu wa rika langu mtanielewa, kuna harufu inayokurudisha nyumbani hata kama nyumba yenyewe ilishabomolewa na mwenye kiwanja mwingine.

Tulikaa upande wa Mlandizi, bondeni, ambako udongo ni wa mfinyanzi na mto Ruvu hauko mbali. Baba alikuwa mfyatua tofali. Alichimba udongo, akaukanyaga kwa miguu, akafyatua, akaanika, akachoma, na malori yakaja kuchukua kuwapelekea watu waliokuwa wakijenga. Nyuma ya nyumba yakabaki mashimo. Mengine yalikuwa ya kimo changu, mengine yangemfunika baba mwenyewe, na masika yakija yote yalijaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mto ukifurika ulituachia humo perege na kambare, na sisi watoto tuliyaona yale mashimo ni mali. Wenzetu wa kule juu barabarani hawakuwa na kitu kama kile, nasi tuliwaringia.

Mdogo wangu wa kwanza aliitwa Idi. Alijua kukimbia kabla ya kutembea sawasawa, na alinifuata kila mahali ameshika pindo la gauni langu mpaka likalegea. Msimu mmoja wa masika aliamka na homa, na kabla jua halijazama macho yakamgeuka juu, mwili ukakakamaa. Wanawake waliojaa chumbani walisema jambo ambalo kwetu kila mtu alilijua: mtoto wa degedege hachomwi sindano, akichomwa anakufa. Basi Idi akafukizwa, akafunikwa kaniki, akasubiriwa atulie. Akatulia. Nilifurahi sana alipotulia. Nikamwambia mama kwamba Idi amepona, amelala, na mama akanitazama kwa namna ambayo nikiikumbuka mpaka leo natamani nijifiche.

Wakati wa matanga alikuja nesi wa zahanati, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza. Alimpa mama pole, akazunguka nyuma kwenda chooni, na aliporudi hakukaa tena mkekani. Alimwita baba pembeni, karibu na rundo la tofali nililokuwa nimelikalia.

"Baba Zuhura, hao mbu hawatoki mbali. Mnawafuga wenyewe hapo nyuma."

"Hayo mashimo ndiyo yanayotulisha, nesi. Nikiyafukia, hawa watakula nini?"

"Sijasema ufukie. Yatie dawa. Mwarobaini si umejaa hapa? Okota kokwa zake, menya, anika kivulini, twanga, loweka, chuja, mwagia. Kila wiki. Na usichoke."

Lile neno la mwisho baba alilipokea kama pole nyingine ya msibani. Leo naamini nesi alikuwa anamweleza tabia ya dawa yenyewe, lakini mtu aliyetoka kuzika mtoto husikia kila neno kuwa ni pole. Mimi nami nilisikia kwamba mashimo yanapewa dawa, nikaelewa kuwa yanaumwa. Nilidhani yameambukizwa ugonjwa wa Idi. Kila baba alipoyamwagia nilichuchumaa ukingoni kuangalia kama yamepata nafuu.

Mama alikataa kinu chake kisitumike. "Kinu cha kisamvu hakitiwi shubiri. Humo nitatwanga nini tena?" Baba akatafuta kinu cha zamani chenye ufa, akakizungushia waya ili kisiachane. Alitwanga Alhamisi uani, akaloweka kwenye ndoo, na Ijumaa akitoka msikitini alichuja kwa shuka kuukuu, akatia povu la sabuni, akamwagia shimo moja baada ya jingine. Kinu kile kilikuwa na kelele mbaya. Kwa sababu ya ufa kilitoa mlio kama mtu anayekohoa ndani ya pipa, na kuku walitawanyika kila mchi ulipoteremka. Jirani wa ng'ambo ya mashimo alikuwa akiuliza kwa utani kama tunatwanga mawe. Harufu iliingia kwenye nguo, kwenye mto wa kulalia, kwenye vidole vya baba, hata muhogo aliotumegea ulikuwa mchungu.

Tulipomzika Idi mama alikuwa mjamzito. Akajifungua msichana, akaitwa Salama, na kwetu lile lilikuwa jina na dua pamoja. Baba hakuwa msemaji, lakini hata mimi nilijua anamtwangia nani. Akisikia mtoto anapiga chafya aliacha tofali na kuja mbio na matope yake miguuni. Chandarua tulikuwa nacho kimoja, chenye viraka, na mama alilala humo na Salama. Ila mbu wa kwetu hawakungoja watu walale. Walianza magharibi, mama akiwa jiko la nje, mtoto mgongoni, na tulikuwa tunamsikia akijipiga vibao miguuni huku anasonga ugali.

Chupa ilikuwa yangu, chupa ya jemu niliyookota barabarani, lakini kazi yake aliipanga baba. "Chota hayo maji yenye dawa pamoja na wadudu wake, tuwaangalie kwa karibu." Nikachota viluwiluwi wa mbu, tukafunga mdomo wa chupa kwa kipande cha kanga ili wakigeuka mbu wasitoroke, tukaiweka barazani. Maji yakichakaa nilimwaga, nikachota mengine. Kila jioni baba alinitafuta.

"Wanafanyaje leo?"

"Wanacheza, baba."

Naye anaiinua chupa, anaiangalia kwenye mwanga. Kweli walikuwa wanacheza. Wanapanda juu, wananing'inia kichwa chini, wanajikunja, wanashuka. Baba anairudisha chupa mahali pake. Mtu aliyetwanga mpaka viganja vikaota malengelenge anataka kuona maiti, na mwarobaini haukumpa maiti. Hatukujua, si mimi si yeye, kuwa mwarobaini haumuui mdudu papo hapo. Unamzuia asikue. Anabaki mtoto, anacheza, siku zinakwenda, na mabawa hayaji. Kwa macho ni mzima kabisa.

Ishara ilikuwepo. Jioni za kwetu zilikuwa zimepoa, na mama alisonga ugali bila kujipiga miguuni. Aliwahi hata kuuliza, "Siku hizi mbu wamepungua, au ni mimi tu?" Baba akajibu kuwa ni upepo.

Ndipo akaja Shangazi Mwasiti, dada yake baba, kutoka Kisarawe, kuja kumwona mtoto. Alikuwa mtu wa vichekesho na sauti kubwa, akiingia uani tayari anasimulia. Alimkuta baba anatwanga, akanusa hewa, akashika kiuno.

"We kaka, unawapikia mbu mchuzi?"

"Dawa hii, dada. Ya kwenye mashimo."

"Hebu niione inavyoua."

Nikakimbia kumletea chupa. Aliigeuza geuza, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mbona wamenenepa! Hawa unawalea, kaka, huwaui. Sisi kwetu tuna utupa. Ukiuponda ukautia majini, kitu kinageuka tumbo juu hapo hapo. Serikali haitaki tuvulie samaki mtoni, lakini mashimo yako mwenyewe nani atakukataza?"

Baba aliacha kutwanga. Aliiangalia chupa, akamwangalia Salama mgongoni kwa mama, akasema, "Ulete."

Shangazi hakuwa na nia mbaya. Nataka hilo lieleweke, maana baadaye alibeba lawama nyingi kuliko haki yake, na nyingine alijibebesha mwenyewe. Alimpenda Salama kuliko sisi wote, na alichokileta ndicho alichokijua. Utupa aliutumia kuwaogesha kuku wenye chawa, aliupanda nyuma ya nyumba yake kama watu wengine wanavyopanda mchaichai.

Alikwenda Kisarawe akarudi na furushi kubwa la majani na maganda yake. Yeye na baba waliyaponda asubuhi moja, wakayakoroga mashimoni kwa mabua marefu ya mtama. Maji yakageuka kijani, yakatoa povu. Jua halijawa kali, viluwiluwi wakawa wametuama chini wote. Kisha wakaanza kupanda samaki. Perege wakaja juu wakitweta, wakalala ubavu, wakaonyesha matumbo meupe. Kambare wakajikokota mpaka ukingoni kama watu wanaotaka kutoka nje. Shangazi akapiga kigelegele. Majirani wakaja na ndoo na masufuria, watoto tukaingia mpaka magotini, na baba akacheka. Tangu msiba wa Idi sikuwa nimeyaona meno yake.

Siku ile tulikula bada, ugali wa muhogo, na perege wa kukaanga mpaka tukalala chali uani. Mama alimpaka Salama mchuzi kwenye ulimi kwa ncha ya kidole, mtoto akakunja uso, watu wakacheka. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukaa mwenyewe bila kuegemezwa. Akisikia watu wanacheka aligeuza kichwa huku na huku kutafuta sauti inatoka wapi. Mimi nilidhani mashimo yamepona, na samaki ni shukrani yao. Nilimwambia hivyo shangazi, akanibusu shavuni na mdomo wake wenye mafuta. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote katika kipindi kile, na mara nyingi nimetamani iwe mbaya hata kidogo, ili nisiikumbuke kwa utamu.

Jioni yake baba alizimwaga jalalani kokwa zote alizokuwa ameanika. Kinu chenye ufa akakilaza nyuma ya choo. Chupa yangu hakuna aliyeiuliza tena, nikaisukumia mvunguni mwa kitanda.

Utupa haudumu majini. Jua likiupiga siku chache nguvu zake zinakwisha. Mbu wakarudi kutaga kama kawaida yao, ila safari hii mashimoni hamkuwa na perege hata mmoja. Na perege ndio waliokuwa wakiwala viluwiluwi miaka yote ile, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefikiria wanakula nini. Vuli ikanyesha. Maji yaliyokuwa ya rangi ya chai yakawa meusi kwa wingi wa wadudu, ukitupa kijiti yanatikisika yote. Shangazi alikuwa amesharudi kwake, utupa umekwisha, kokwa ziko jalalani. Magharibi tukaanza kumsikia mama akijipiga miguuni.

Salama alishikwa na homa mama akiwa anamwogesha. Alikuwa wa moto kuliko maji ya beseni. Kufika adhuhuri akageuza macho, akakakamaa kama Idi alivyokakamaa, na wanawake wakaja tena kama walivyokuja kwa Idi. Mmoja akaanza, "Mama Zuhura, mtoto wa degedege..." Mama hakumwacha amalize.

"Idi alichomwa sindano gani?"

Mama alimfunga mtoto mgongoni, akatoka bila viatu kupandisha barabarani, baba akamfuata mbio na shati mkononi. Mimi niliachwa kwa jirani. Nilikaa mlangoni kwake nikiangalia njia, na kila mtu aliyepita nilimtazama mikono, kwa sababu Idi alitolewa nyumbani amebebwa mikononi.

Walikaa hospitali siku nyingi. Shangazi alikuja kutoka Kisarawe kunitunza, akapika, akafagia, na kwa mara ya kwanza nilimwona amekaa bila kusimulia kitu. Alifagia mpaka ukingo wa mashimo, akasimama pale na ufagio wake. Nilimwuliza kama Salama naye amekwenda kutulia. Akanipiga kofi, halafu akanikumbatia, akalia yeye kabla yangu.

Lakini Salama alirudi. Alirudi amekonda, shingo haikazi vizuri, macho makubwa, na alikuwa mzima. Vigelegele vilipigwa mpaka jirani wa ng'ambo akaja kuchungulia. Baba alikaa barazani kama mtu aliyeshusha mzigo lakini mabega bado hayaamini. Nikataka kumpa kitu. Nikakumbuka chupa.

Niliivuta kutoka mvunguni, imejaa vumbi, nikaifuta kwa gauni. Viluwiluwi wote walikuwa chini, wametuama kama pumba. Nikamkimbilia.

"Baba, wamekufa wote! Na hakuna hata mmoja aliyeruka!"

Alichukua chupa, akaiinua kwenye mwanga kama zamani. "Haya maji yametiwa utupa?"

"Hapana, baba. Ni yale ya mwarobaini. Nilichota kabla shangazi hajaleta utupa."

Akafungua kanga, akaigeuza, akaikagua upande wa ndani akitafuta mbu, hata ubawa. Hakikuwepo kitu. Leo najua kuwa chupa moja si ushahidi, huenda walikufa njaa tu humo mvunguni. Baba hakuwa na mtu wa kumwambia hivyo. Aliwaangalia, na nina hakika alikuwa anazikumbuka zile jioni zilizopoa, ambazo yeye aliziita upepo. Mimi nilisimama nikingoja aninyanyue juu, maana nilikuwa nimeleta habari njema siku ya habari njema. Alifunga kanga upya, fundo juu ya fundo.

"Umefanya vizuri, mama," akaniambia. Akaenda nyuma ya choo, akakaa huko mpaka chakula kikapoa. Aliporudi alikuwa amebeba kinu.

Tangu hapo alitwanga kama mtu aliyehukumiwa. Alitembea mpaka vijiji vya mbali kuokota kokwa, akamwagia mashimo mvua ikinyesha, akamwagia jua likiwaka, na polepole jioni zikapoa tena. Alhamisi mama alimweka Salama mkekani uani, kivulini, karibu na baba, ili yeye apate kujinyoosha. Kinu kilikohoa, kuku wakatawanyika, mimi niliziba masikio. Salama alilala fofofo. Wageni waliokuja kumwona walimsifu, mtoto ana utulivu huyu, na mama akawajibu kwa fahari, "Hata kinu hakimwamshi, mashaallah." Madrasa niliwaringia wenzangu kwamba mdogo wetu haogopi kitu duniani. Tulikuwa tunashukuru kwa utulivu ule. Baada ya Idi, tulimwona Salama kuwa ni mtoto aliyekuja kutupumzisha.

Alhamisi moja kokwa ziliisha mapema. Baba aliinamisha kinu, akakung'utia unga wote kwenye ndoo, akawa anataka kuuegemeza mchi ukutani. Salama alikuwa amekaa mkekani, amempa mgongo, anachezea jani la mwarobaini. Ng'ambo jirani aliangusha karai, tukashtuka wote wawili, mimi na baba. Baba akamwangalia mtoto. Akamwangalia tena. Kisha akaunyanyua mchi na kuuteremsha ndani ya kinu kitupu kwa nguvu zake zote.

Kuku waliruka mpaka juu ya paa. Salama alikuwa anavuta ncha ya jani.

Baba akakikokota kinu mpaka nyuma kabisa ya shingo ya Salama, akatwanga. Akatwanga tena, na tena, jasho na kitu kingine vikimtiririka usoni, mpaka waya ukakatika na kinu kikaachana vipande viwili. Hapo ndipo nilipoelewa nami kuwa mdogo wangu hakuwa mtulivu. Alikuwa hasikii.

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Baba Zuhura, unatwanga nini kwenye kinu kitupu?"

Salama akamwona mama mbele yake, akamnyooshea lile jani, akacheka.